Nafsi ya Wingi na Kuvunjika Kwake: Usomaji wa Nyimbo za The Beatles, 1962–1970

Ikisiri

Kuvunjika kwa bendi ya roki ya The Beatles mwaka 1970 kumeelezwa mara nyingi kwa kutafuta mkosaji: mke, meneja, wakili au mwanabendi mmoja aliyewasaliti wenzake. Makala hii inazirudia nyimbo zenyewe na kuchunguza matumizi ya nafsi ndani yake, yaani nani anasema, anasema na nani, na nani anamwitikia. Inadaiwa kuwa bendi iliinuka kwa kujenga nafsi ya kwanza wingi jukwaani, mbele ya hadhira iliyoonekana kwa macho, na kwamba nafsi hiyo ilianza kulegea bendi ilipoacha jukwaa mwaka 1966, miaka minne kabla ya mambo kufika mahakamani. Ugomvi wa fedha na wa watu ulikuwapo, lakini ulikuta mlango umeshafunguliwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya The Beatles inafahamika kiasi kwamba msomaji anaweza kudhani hakuna jipya la kusema. Tarehe 6 Julai 1957, katika sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro huko Woolton, kitongoji cha Liverpool, John Lennon aliyekuwa na umri wa miaka 16 alikutanishwa na Paul McCartney wa miaka 15. George Harrison alijiunga nao mwaka uliofuata. Ringo Starr aliingia Agosti 1962, akichukua nafasi ya Pete Best. Kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa mwaka 1970, vijana hao wanne walibadilisha namna muziki wa vijana unavyotungwa, unavyorekodiwa na unavyosikilizwa.

Kilichobaki na utata ni mwisho wao. Simulizi iliyoenea zaidi humtwika lawama Yoko Ono, msanii wa Kijapani aliyekuwa mwenzi wa Lennon. Simulizi ya pili humlaumu Allen Klein, meneja kutoka Marekani. Ya tatu humlaumu McCartney, aliyetangulia kulitangaza jambo hilo hadharani Aprili 1970. Simulizi zote tatu zina udhaifu mmoja: zinawatazama wanamuziki bila kuutazama muziki. Kwa mhakiki wa fasihi hili ni pengo kubwa, kwa kuwa bendi haikuwa ubia wa kibiashara tu. Ilikuwa pia sauti, na sauti ya pamoja ina kanuni zake za kuishi na za kufa.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi huu unatumia mawazo mawili. La kwanza linatoka katika nadharia ya fasihi simulizi kama ilivyofafanuliwa na Mulokozi, kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungwa na muktadha wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kimojawapo kikiondolewa, kinachobaki si tukio lilelile. Wazo hilo liliundwa kwa ajili ya ngano, nyimbo na tendi za Kiafrika, lakini halina mipaka ya kijiografia. Muziki wa roki wa miaka ya 1960 ulitokana na muziki wa Wamarekani Weusi, na moja ya mbinu zake kuu, ile ya kiongozi kutoa wimbo na wenzake kuitikia, ni mbinu ambayo mjuzi yeyote wa ngoma za Kiafrika ataitambua mara moja.

Wazo la pili ni la kisarufi. Katika utungo, nafsi ni mahusiano kabla ya kuwa neno. Anayesema "mimi" anamwekea mtu mwingine nafasi ya "wewe", na anayesema "sisi" anaamua nani yumo na nani hayumo. Kuhama kwa nafsi katika kazi za mtunzi au kundi la watunzi ni ushahidi wa kuhama kwa mahusiano.

3.0 Kuinuka: Mimi, Wewe na Waitikiaji

Santuri tano za kwanza za wimbo mmoja ambazo The Beatles walizitoa nchini Uingereza, kati ya Oktoba 1962 na Novemba 1963, zina sifa moja ya wazi: kila jina la wimbo lina kiwakilishi cha nafsi. Nyimbo hizo ni "Love Me Do", "Please Please Me", "From Me to You", "She Loves You" na "I Want to Hold Your Hand". Katika tatu za mwanzo mnenaji anajitaja mwenyewe kama anayeomba au anayetoa. Katika ya nne anakuwa mjumbe anayempelekea rafiki habari za msichana. Katika ya tano mimi na wewe wanakutana ndani ya jina la wimbo. Aliyelengwa ni msikilizaji kijana, hasa wa kike, na nafasi ya "wewe" iliachwa wazi makusudi ili kila msikilizaji aikalie.

Inaweza kudaiwa kuwa hiyo ilikuwa hila ya kibiashara. Ni kweli, lakini hila hiyo haitoshi kueleza nguvu ya nyimbo hizo. Bendi nyingi ziliimba kuhusu mimi na wewe. Tofauti ya The Beatles ilikuwa katika idadi ya sauti zilizombeba "mimi" huyo. Katika "She Loves You" Lennon na McCartney wanaimba pamoja kwa sehemu kubwa ya wimbo, na ni vigumu kumtenga mmoja kama mwimbaji mkuu. Maneno yana nafsi ya umoja, ilhali uimbaji ni wa wingi.

Uwingi huo ulijengwa jukwaani. Kati ya Agosti 1960 na Desemba 1962 bendi ilifanya safari kadhaa kwenda Hamburg, Ujerumani, ikapiga katika klabu za Indra, Kaiserkeller, Top Ten na Star-Club. Walipiga kwa saa nyingi kila usiku, mbele ya mabaharia, walevi na wapita njia waliokuwa huru kuondoka wakati wowote. Mazingira hayo yaliwafunza kuitikiana: mmoja akichoka mwingine anapokea, na hadhira ikipoa wote wanapandisha mwendo. Waliporudi Liverpool na kupiga katika klabu ya Cavern, ambako Brian Epstein aliwaona Novemba 1961, walikuwa tayari fanani mmoja mwenye viungo vingi.

Ushahidi bora wa hali hiyo ni albamu yao ya kwanza. Tarehe 11 Februari 1963, chini ya mtayarishaji George Martin, walirekodi nyimbo kumi kwa siku moja. Kilichorekodiwa kilikaribia sana maonesho ya jukwaani. Wimbo wa mwisho wa siku hiyo, "Twist and Shout", ambao haukuwa utunzi wao, ulimkuta Lennon akiwa na mafua na koo limekaribia kukauka. Anaongoza kwa sauti iliyokwaruzika, McCartney na Harrison wanaitikia, na mwitiko ndio unaomwezesha kufika mwisho. Ukiondolewa, unabaki ukelele wa mtu mgonjwa.

Hata saini ya utunzi ilifuata mantiki hiyo. Lennon na McCartney walikubaliana kuwa kila wimbo wa mmoja wao utabeba majina yote mawili. Katika albamu ya kwanza majina yaliandikwa McCartney na Lennon. Baadaye mpangilio uligeuzwa na kubaki Lennon–McCartney. Kwa mtazamo wa hakimiliki, huo ulikuwa mkataba. Kwa mtazamo wa uhakiki, ulikuwa tamko kwamba mtunzi ni "sisi". Hata hivyo, "sisi" hiyo ilikuwa ya watu wawili, si wanne. Harrison na Starr waliachwa nje tangu mwanzo, na ufa huo ulikuja kuonekana baadaye.

4.0 Kuacha Jukwaa: Fanani Bila Hadhira

Umaarufu uliikuza hadhira hadi ikaacha kuwa hadhira. Tarehe 9 Februari 1964 bendi ilionekana katika kipindi cha Ed Sullivan nchini Marekani, na inakadiriwa kuwa watu milioni 73 waliwatazama. Tarehe 15 Agosti 1965 walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Vipaza sauti vya wakati huo havikumudu viwanja kama hivyo, na mayowe ya mashabiki yaliwazuia wanamuziki kusikilizana. Waliokuwa wamejifunza kuitikiana sasa walipiga kila mmoja kwa kukisia. Tarehe 29 Agosti 1966, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, walimaliza onesho lao la mwisho la kulipiwa.

Albamu ya "Revolver" ilikuwa imetoka mapema mwezi huohuo, na hakuna wimbo wake hata mmoja uliopigwa katika ziara hiyo. Kazi waliyoitunga na kazi waliyoitenda zilikuwa zimeachana. Katika "Eleanor Rigby" hakuna mwanabendi anayepiga ala: ala zote ni za wapiga nyuzi wanane walioalikwa. Mwaka mmoja kabla, katika "Yesterday", McCartney alikuwa peke yake na gitaa pamoja na wapiga nyuzi wanne, ingawa saini ilibaki Lennon–McCartney. Huo ni mfano wa mwanzo wa saini kutaja wawili ilhali sauti ni ya mmoja.

Haimaanishi kuwa kuacha jukwaa kulidhoofisha sanaa yao. Kinyume chake, kuliwapa uhuru wa mwandishi anayefuta na kuandika upya. Albamu ya "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band" ya mwaka 1967 ilichukua miezi kadhaa. Wimbo wake wa kufunga, "A Day in the Life", unastahili kutazamwa kwa karibu. Sehemu ya mwanzo na ya mwisho ni za Lennon: mtu anayesoma habari na kuzitafakari kwa mbali. Sehemu ya kati ni ya McCartney: mtu anayeamka na kukimbilia shughuli za siku. Nafsi ya kwanza imetumika katika sehemu zote, lakini si "mimi" yuleyule. Kinachowaunganisha ni okestra ya wanamuziki 40 inayopanda kutoka noti za chini hadi za juu kabisa.

Wimbo huo ukilinganishwa na "We Can Work It Out" wa mwishoni mwa mwaka 1965, tofauti inadhihirika. Huo wa awali pia ulitungwa kwa vipande viwili: McCartney anatoa tumaini la kupatana, Lennon anakumbusha kuwa maisha ni mafupi mno kwa ugomvi. Hata hivyo, vipande vyote viwili vinamzungumzia "wewe" mmoja, na jina la wimbo limebeba nafsi ya kwanza wingi. Mwaka 1965 tofauti ya watunzi wawili ilikaa ndani ya "sisi" moja. Mwaka 1967 zilikuwa nafsi mbili zilizounganishwa kwa mshono, na uzuri wa wimbo uko katika mshono huo. Mshono, hata uwe mzuri namna gani, unaonesha kuwa vitambaa ni viwili.

Pingamizi moja linapaswa kujibiwa hapa. Lennon alikwisha kutunga nyimbo za "mimi" wa ndani kabla ya 1966. "Help!" ya mwaka 1965 ni kilio cha mtu mmoja. Lakini katika wimbo huo sauti za McCartney na Harrison zinatangulia maneno ya Lennon, kana kwamba wenzake wanajua atakachosema kabla hajakisema. Anayelia ni mmoja na wanaomsikia wako jirani. Hivyo hoja ya makala hii haihusu wingi wa neno "mimi". Inahusu kama kuna anayemwitikia.

5.0 Albamu Nyeupe: Jina la Wingi, Kazi za Umoja

Brian Epstein alifariki Agosti 1967 akiwa na umri wa miaka 32. Bendi ilibaki bila mtu ambaye wote wanne walimkubali kuwasimamia. Novemba 1968 ilitoka albamu ya nyimbo 30 iliyoitwa kwa jina la bendi, The Beatles, ambayo wengi huifahamu kama Albamu Nyeupe kutokana na jalada lake tupu. Ndani ya jalada mlikuwa na picha nne, kila mwanabendi na yake. Jina lilikuwa la wingi na nyuso zilikuwa za mmojammoja.

Yaliyomo yanathibitisha jalada. "Blackbird" ni McCartney peke yake. "Julia", wimbo wa Lennon kwa mama yake aliyefariki mwaka 1958, ni Lennon peke yake. Agosti mwaka huo Starr aliondoka kwa muda, na katika "Back in the U.S.S.R." na "Dear Prudence" ngoma zilipigwa na McCartney. Nyimbo hizo mbili ndizo zinazofungua albamu. Kwa hiyo msikilizaji anaingia katika kazi yenye jina la wote wanne kupitia nyimbo mbili ambazo mmoja wao hayumo.

Wapo wanaoiona albamu hii kuwa dhaifu kwa kukosa umoja. Hukumu hiyo si ya haki. Utofauti wake ndio utajiri wake, na nyimbo kama "Julia" zisingewezekana katika bendi ya mwaka 1963. Mwitikiaji angeingilia faragha ya mtoto na mama yake. Jambo la kukubali ni kwamba ukuaji wa kila mtunzi na udumifu wa bendi vilikuwa vimeanza kudai mambo yanayopingana. Huu ndio msiba halisi wa kisa hiki: hapakuwa na kosa ambalo lingerekebishwa bila kuwapotezea wasikilizaji kazi bora.

6.0 Januari 1969 na Jaribio la Kurudi

Mwanzoni mwa mwaka 1969 McCartney alipendekeza dawa iliyolingana na ugonjwa: warudi kupiga pamoja, mbele ya watu, bila hila za studio. Mazoezi yalianza Twickenham mbele ya kamera za Michael Lindsay-Hogg. Tarehe 10 Januari Harrison aliondoka, akarudi baada ya siku kadhaa, na kazi ikahamia katika jengo la kampuni yao, Apple, mtaa wa Savile Row.

Picha za mwezi huo zimezaa filamu mbili. Ya Lindsay-Hogg ilitoka mwaka 1970 na ilipokelewa kama kumbukumbu ya mazishi. Ya Peter Jackson ilitoka mwaka 2021, ikiwa na urefu wa takriban saa nane, na ndani yake kuna vicheko, mizaha na subira nyingi. Yoko Ono anaonekana ameketi kando ya Lennon, mara nyingi akiwa kimya au akishughulika na mambo yake. McCartney mwenyewe anatania kuwa baada ya miaka hamsini watu watasema bendi ilivunjika kwa sababu Yoko alikalia kipaza sauti cha gitaa. Utani huo uligeuka kuwa utabiri. Mambo yaleyale, yakihaririwa mara mbili, yametoa hadithi mbili, na hilo pekee linatosha kumwonya mhakiki asikimbilie kutaja mkosaji.

Wazo la kurudi mbele ya hadhira lilifikia kilele tarehe 30 Januari 1969, juu ya paa la jengo hilo, wakiwa na mpiga kinanda Billy Preston. Walipiga kwa muda wa dakika arobaini na ushei, hadi polisi walipofika. Muziki ulikuwa imara, na mwitikio kati yao ulirudi kana kwamba haujawahi kupotea. Kilichokosekana ni hadhira. Wapita njia walikuwa chini barabarani, wakisikia bila kuona. Wachache walipanda mapaa ya jirani. Kwa vigezo vya Mulokozi, fanani alikuwapo, fani ilikuwapo, mahali na wakati vilikuwapo, lakini fanani na hadhira hawakutazamana. Halikufanyika onesho jingine baada ya hilo.

7.0 Kutoka "Sisi" hadi Mahakamani

Yaliyofuata yalikuwa ya fedha na sheria. Mwaka 1969 Lennon, Harrison na Starr walimkubali Allen Klein. McCartney alitaka kuwakilishwa na Lee Eastman, baba wa mkewe Linda. Mwaka huohuo hisa za Northern Songs, kampuni iliyomiliki hakimiliki za Lennon–McCartney, ziliuzwa kwa kampuni ya ATV, na watunzi wakashindwa kuidhibiti. Ile saini ya "sisi" sasa ilikuwa mali ya wengine.

Katikati ya hayo walirekodi "Abbey Road", iliyotoka tarehe 26 Septemba 1969. Katika "Because", sauti tatu za Lennon, McCartney na Harrison zimerudiwa mara tatu hadi zikawa tisa. Karibu na mwisho, katika "The End", Starr anapewa nafasi ya kupiga ngoma peke yake, kisha McCartney, Harrison na Lennon wanapokezana magitaa kwa zamu. Ni zamu ileile ya Hamburg. Lakini siku sita kabla albamu haijatoka, Lennon alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kuwa anaondoka.

Tarehe 3 Januari 1970 McCartney, Harrison na Starr waliingia studio bila Lennon na kurekodi wimbo wa Harrison uitwao "I Me Mine". Huo ndio wimbo mpya wa mwisho kurekodiwa kwa jina la bendi kabla ya kusambaratika, na unaukejeli ubinafsi. Jina lake ni nafsi ya kwanza umoja iliyorudiwa mara tatu, kwa maumbo matatu, bila "wewe" wala "sisi". Aliyeutunga ni yule aliyeachwa nje ya saini ya pamoja tangu mwaka 1963. Ulikuwa mfupi mno, hivyo mtayarishaji Phil Spector aliurefusha kwa kuirudia sehemu iliyokwisha kupigwa. Mtayarishaji huyohuyo aliongeza okestra na kwaya katika "The Long and Winding Road" bila idhini ya McCartney. Nafasi ya mwitikiaji, iliyokuwa ya wenzake, ilijazwa na waimbaji wa kukodiwa.

Tarehe 31 Desemba 1970 McCartney alifungua kesi katika Mahakama Kuu jijini London akitaka ubia uvunjwe. Kisheria ulivunjwa rasmi Januari 1975. Kabla ya hapo, mwaka 1971, Lennon alitoa "How Do You Sleep?", wimbo wa kumshambulia McCartney, huku Harrison akipiga gitaa. Nafsi ya pili imerudi katika jina la wimbo, lakini "wewe" si msikilizaji anayependwa tena. Ni mwenzake wa zamani anayeshtakiwa.

8.0 Hitimisho

Usomaji wa nafsi hauondoi umuhimu wa Klein, Eastman, kifo cha Epstein au malalamiko ya Harrison. Unayaweka mahali pake. Mambo hayo yaliivunja bendi kwa sababu yaliikuta ikiwa imeacha tendo lililowafanya kuwa "sisi", yaani kuitikiana mbele ya watu. Bendi iliyozoea kusikilizana kila usiku ingeweza kugombana kuhusu fedha na bado ikapiga kesho yake. Watunzi wanne walioingia studio kwa zamu hawakuwa na kesho hiyo.

Kwa wahakiki wa Kiswahili kuna funzo linalovuka kisa hiki. Fasihi simulizi imefundishwa kwa muda mrefu kama hatua ya awali ambayo sanaa huipita inapofika kwenye maandishi au studio. The Beatles wanaonesha kuwa kuipita si ushindi mtupu. Walipata "A Day in the Life" na "Julia", wakapoteza kile kilichomwezesha mwimbaji mwenye koo lililokauka kuumaliza wimbo: sauti za wenzake wawili, zikiitikia kwa wakati.